Bunduki na Darubini: Kutoka Karagwe Hadi Jukwaa la Shule Yetu

Ndugu Mhariri alipoandika kuniomba makala ya historia kwa ajili ya mkutano wetu wa mwaka huu, tayari nilikuwa na barua mbili mezani zilizohusu karibu jambo lile lile. Ya kwanza ilitoka kwa mwenzetu wa mkondo wangu, ambaye sasa ni mfanyabiashara. Ana leseni ya silaha na hupenda kuwinda, naye aliuliza anunue darubini ya namna gani ya kufunga juu ya bunduki yake. Ya pili ilitoka kwa kamati ya sherehe. Vijana wa Kidato cha Tatu wataigiza Vita vya Kagera mbele yetu, na mwenzetu mwingine aishiye ng'ambo amejitolea kuleta bunduki 12 za bandia, zinazofanana na SMG hata kwa uzito. Kamati iliuliza kama zifaa. Naomba niwajibu wote wawili hapa hapa, ila nitaanzia mbali kidogo, maana mkoa wetu una historia yake katika mambo haya mawili.

Wazee wetu waliwinda kwa mikuki, nyavu na mbwa. Mwishoni mwa mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe kwa Mukama Rumanyika, akakaa huko majuma kadhaa akipiga vifaru kwa bunduki yake. Januari 1862 akavuka mto Kagera kwenda Buganda. Mbele ya Kabaka Mutesa alifungua zawadi zake, na miongoni mwake zilikuwamo bunduki ya Whitworth, ambayo siku hizo ilikuwa ikisifiwa sana Uingereza kwa shabaha, bastola, karabini tatu, na darubini moja ya kutazamia mbali. Kabaka alitaka kujua silaha hizo zina thamani gani. Akampa kijana mmoja wa ikulu karabini iliyoshindiliwa risasi, akamwamuru atoke nje akampige mtu. Kijana akatoka, mlio ukasikika, akarudi akiwa na furaha kama mtoto aliyenasa ndege wake wa kwanza. Speke aliandika kwamba hakuna aliyeonekana kutaka kujua aliyeuawa ni nani. Nimekisoma kisa hicho mara nyingi tangu nikiwa Chuo Kikuu, na kila mara huwa nasimama hapo.

Angalieni kwamba katika zawadi hizo bunduki na darubini vilikuwa vitu viwili mbalimbali. Miaka hiyo hiyo, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865, baadhi ya walenga shabaha wa majimbo ya Kusini walifungiwa darubini ubavuni mwa bunduki ile ile ya Whitworth. Hata hivyo ilichukua muda mrefu kabla kifaa hicho hakijawafikia wawindaji wengi. Karl Kahles alianzisha kiwanda chake Vienna mwaka 1898, na punde Wajerumani nao wakawa mabingwa wa kutengeneza lenzi za namna hiyo.

Wajerumani hao walikuwa wamekwisha kufika kwetu. Emin Pasha alijenga kituo chao Bukoba mwaka 1890. Vita Kuu vilipoanza mwaka 1914, askari wao wengi katika nchi yetu bado walikuwa na bunduki za Mauser za mtindo wa 1871, zenye baruti ya zamani ambayo kila mtu akifyatua hutoa wingu la moshi na kumwonyesha adui alipo. Waingereza walitoka Kisumu kwa meli, wakashuka pwani ya ziwa kaskazini ya mji wetu alfajiri ya tarehe 22 Juni 1915. Shabaha yao kubwa ilikuwa kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani. Siku ya pili waliingia mjini, wakakivunja kituo, kisha askari wao wakapora mali majumbani. Ninyi mnaopita Bilele kila siku kwenda sokoni mwafaa kuyajua hayo.

Kati ya walioshuka siku ile alikuwamo Frederick Selous, mwindaji mashuhuri kuliko wote wa zama zake, mwenye umri wa miaka 63. Tarehe 4 Januari 1917, huko Beho Beho, kaskazini ya mto Rufiji, mlenga shabaha wa upande wa Wajerumani alimpiga risasi akafa. Husimuliwa kwamba wakati huo alikuwa akitumia darubini ya mkononi kumtafuta adui. Kaburi lake liko huko huko hadi leo, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Sasa nimjibu mwenzangu mwindaji. Ndugu, usidanganywe na muuzaji anayesifu darubini kwa kukuza tu. Ile inayokuza mara 12 itakuonyesha kipande kidogo mno cha pori, na kila pumzi yako itaonekana humo kama tetemeko. Katika vichaka vyetu, ambamo nyati huonekana akiwa chini ya mita 100, darubini ya kukuza mara 1 hadi 4 yatosha kabisa. Gawa upana wa lenzi ya mbele kwa ukuzaji: milimita 32 kwa 4 ni 8, nao ndio upana wa mwali unaofika jichoni. Mboni ya mtu wa makamo kama sisi haifunguki kufikia hapo hata magharibi inapoingia, kwa hiyo hutapungukiwa na mwanga wowote. Lakini lenzi hiyo hiyo ikikuza mara 10, mwali ni milimita 3 tu, na jioni utaona giza. Jambo jingine ni nafasi kati ya jicho na kioo. Bunduki ya .375 hurudi nyuma kwa nguvu, na nimeona watu wazima wakishonwa nyuzi juu ya nyusi. Isipungue inchi tatu na nusu. Kisha ipige majaribio kwenye ubao kwa mita 100 kabla hujaenda porini, tena kila baada ya safari ya barabara mbovu.

Ila utakwenda kuwinda wapi? Biharamulo, Burigi, Kimisi, Ibanda na Rumanyika yalikuwa mapori ya akiba, lakini mwaka 2019 yote yalifanywa hifadhi za taifa, na katika hifadhi ya taifa hakuna uwindaji. Itakubidi usafiri mbali, na vibali vyako viwe kamili. Pamoja na hayo sikukatazi kununua, maana darubini nzuri humwezesha mtu kutambua kile anachotaka kukipiga, kama ni dume au jike mwenye ndama, au mtu anayekata kuni.

Nakuja kwenye bunduki za bandia. Idi Amin alinyakua serikali ya Uganda Januari 1971, na mwezi uliofuata TANU ilitoa Mwongozo uliosisitiza ulinzi wa umma. Baba yangu mdogo alijiunga na mgambo miaka hiyo. Alijifunza kwato, kutambaa na kulenga kwa bunduki ya mbao aliyoichonga mwenyewe, naye hakuona haya kuieleza. Alisema mkono uliozoea mti haukuhangaika ulipokabidhiwa chuma. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivamia kaskazini ya mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa siku chache baadaye. Baba mdogo alikwenda na SMG halisi, akarudi baada ya Kampala kutwaliwa Aprili 1979. Ile ya mbao mama yake alikuwa ameitia jikoni.

Ya pili niliiona mwenyewe. Miaka ya 1990 nilikuwa nikirudi shuleni kwa basi, tukasimamishwa na majambazi watatu katika misitu ya upande wa Biharamulo. Walikuwa na silaha mbili. Tulilala kifudifudi barabarani abiria wote, tukatoa kila tulichokuwa nacho. Mimi nilitoa karo ya muhula mzima. Baadaye tulisikia kwamba waliokamatwa walikutwa na silaha moja ya kweli na nyingine ya mti iliyopakwa rangi nyeusi ya viatu. Hata leo siwezi kusema ni ipi iliyoelekezwa kisogoni pangu.

Hizo za mwenzetu wa ng'ambo zilianzia Japani, ambako sheria ya silaha ni kali mno, na mchezo wenyewe huitwa easofti. Hutupa kidonge cha plastiki cha milimita 6, chenye uzito wa gramu 0.20. Kikitoka kwa mwendo wa mita 100 kwa sekunde kina nguvu ya jouli 1; risasi ya .375 ina zaidi ya jouli 5,000. Jouli moja haiui, lakini yaweza kupofua jicho. Marekani hudai bunduki hizo ziwe na ncha ya rangi ya machungwa, kwa sababu polisi wamekwisha kuua watoto waliokuwa wameshika za namna hiyo. Kwa kuzipima kama vifaa ni nzuri: chuma chake ni chuma, na kilengeo kiko mahali pake. Kwetu sisi uzuri huo ndio ubaya wake. Sherehe ikiisha saa moja usiku, mvulana mmoja akaazima moja na kutoka nayo lango la shule hadi barabarani, mlinzi au askari wa doria hatakuwa na nafasi ya kuuliza ni jouli ngapi.

Kwa hiyo nimeijibu kamati hapana, na mwenzetu mfadhili naomba aniwie radhi. Fedha ya mzigo huo aitume kwa maktaba. Nimezungumza na seremala mmoja pale Bilele. Atachonga bunduki 12 za paini, urefu sentimeta 87 kama SMG, magazini imepinda kama ilivyo, na zitabaki na rangi ya mbao. Zitakuwa tayari wiki mbili kabla ya mkutano, na baba mdogo, ambaye sasa anatembelea fimbo, amekubali kuja kuwafundisha vijana jinsi ya kuzishika.