Trei ya Mayai: Historia ya NumPy na Watu Walioijenga Bure

Tarehe 10 Aprili 2019 dunia ilionyeshwa picha ya kwanza ya shimo jeusi. Ilikuwa duara la rangi ya chungwa lenye giza katikati, mfano wa jiko la makaa likianza kufifia usiku. Shimo lenyewe liko katikati ya galaksi ya M87, umbali wa miaka-nuru milioni 55 hivi. Data ilikusanywa na darubini 8 za redio zilizotawanyika kutoka Hawaii mpaka Ncha ya Kusini. Mitandaoni watu walisambaza picha, wakaichekea, wakaendelea na mambo yao.

Wachache waliuliza picha ilipatikanaje. Darubini hizo hazikupiga picha jinsi simu yako inavyopiga selfi. Zilirekodi mawimbi, mawimbi yakageuzwa kuwa nambari, na nambari zikakokotolewa tena na tena mpaka sura ikatokea. Sehemu kubwa ya kazi hiyo iliandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python, na chini ya Python palikuwa na maktaba iitwayo NumPy. Kwa waprogramu, maktaba ni mkusanyiko wa msimbo ambao mtu mwingine ameshauandika ili wewe usianze moja. NumPy ni programu huria: unaipakua bure, unasoma ilivyoandikwa, unaibadilisha ukitaka. Hakuna anayekuuliza kadi ya benki.

Siku chache baada ya picha ile kutangazwa, ombi la fedha za kutunza programu za familia hiyohiyo lilikataliwa na National Science Foundation ya Marekani. Sababu iliyotolewa? Ati programu hizo hazikuwa na athari ya kutosha. Ukitaka kuelewa jinsi kitu kinachobeba sayansi ya dunia kinavyoweza kukosa pesa ya matunzo, lazima urudi nyuma karibu miaka 30.

Python ilianza Amsterdam, mwishoni mwa 1989, pale Guido van Rossum alipoamua kutumia likizo ya Krismasi kubuni lugha yake. Ilitoka hadharani 1991. Sifa yake kuu ilikuwa urahisi wa kusomeka. Lakini haikuundwa kwa hesabu nzito. Wanasayansi wa wakati huo walikuwa na Fortran, lugha ya IBM ya mwaka 1957, yenye kasi lakini ngumu kwa anayeanza. Walikuwa pia na MATLAB, ambayo Cleve Moler aliianzisha mwishoni mwa miaka ya 1970 ili wanafunzi wake wa hesabu watumie maktaba za Fortran bila kuandika Fortran yenyewe. Kuanzia 1984 MATLAB ikawa bidhaa ya kampuni. Ni nzuri, lakini leseni yake hununuliwa, na aliyewahi kusoma uhandisi katika chuo chenye bajeti finyu hahitaji kuelezwa hilo linamaanisha nini.

Tatizo la Python lilikuwa hili. Fikiria muuza duka anayefunga kila yai peke yake kwenye gazeti, akaandika juu yake "hili ni yai", akaliweka popote palipo na nafasi, kisha akaandika kwenye daftari kila yai liko wapi. Orodha ya kawaida ya Python hufanya kazi namna hiyo. Uzuri wake ni kwamba orodha moja inaweza kubeba yai, sabuni na mkate. Ubaya ni kwamba ukimwambia ahesabu mayai milioni moja, atafungua daftari mara milioni moja, atembee mara milioni moja, na kila mara asome gazeti kuhakikisha kwamba kilichomo ni yai kweli. Katika kompyuta za kisasa, nambari moja ya desimali ndani ya Python huchukua baiti 24, na kuielekeza kwenye orodha kunahitaji baiti nyingine 8. Nambari milioni moja zinakula baiti milioni 32.

Sasa chukua trei. Matundu yote ni sawa, yote yana mayai, na yamepangwa bega kwa bega. Huna haja ya daftari: ukijua trei inaanzia wapi, unajua yai la 17 liko wapi. Hii ndiyo safu ya NumPy. Nambari zilezile milioni moja zinachukua baiti milioni 8. Zaidi ya hapo, kazi ya kupita yai kwa yai inafanywa na msimbo wa lugha ya C, ambao una kasi sana. Wewe unaandika tu kwamba trei hii ijumlishwe na ile, mstari mmoja, basi. Na ukitaka kila yai la pili, NumPy hainunui trei mpya. Inabadilisha maelezo ya hatua ngapi za kuruka, kisha inakuonyesha trei ileile kwa mpangilio mwingine.

Wazo la trei halikutoka kwa mtu mmoja. Mwaka 1995 watumiaji kadhaa wa Python waliunda kikundi cha kujadili jinsi ya kuingiza safu kwenye lugha hiyo. Jim Hugunin, wakati huo mwanafunzi wa uzamili na uzamifu pale MIT, aliandika sehemu kubwa ya msimbo, na maktaba ikaitwa Numeric. Wengine kama Paul Dubois wa maabara ya Lawrence Livermore, Konrad Hinsen na David Ascher waliiboresha na kuitunza. Van Rossum mwenyewe alisikiliza, akabadilisha sarufi ya Python ili kukata safu kuwe rahisi. Hili si jambo dogo: mwenye lugha alikubali kuibadilisha kwa ajili ya wageni waliokuja na shida zao. Hugunin baadaye alihamia miradi mingine, naye hakuwa na mkataba uliomfunga kubaki. Programu huria huwa hivyo. Mwanzilishi anaweza kuondoka siku yoyote, na mzigo unabaki kwa aliye karibu.

Halafu wakaja watu wa nyota. Space Telescope Science Institute ya Baltimore, taasisi inayoendesha shughuli za kisayansi za darubini ya Hubble, ilihitaji safu za kubeba picha kubwa mno. Numeric ilikuwa inalemewa. Perry Greenfield na wenzake wakaandika maktaba mpya, numarray. Kwa safu kubwa numarray ilikuwa bora. Kwa safu ndogondogo, Numeric ya zamani bado iliishinda kwa kasi. Kila upande ulikuwa na sababu ya haki ya kubaki ulipo.

Unakumbuka enzi za chaja za Nokia, pini nyembamba na pini nene? Unafika kwa rafiki simu ikiwa imezima, anakwambia, pole, mimi nina nyembamba. Hali ikawa hiyo. Aliyeandika programu ya kuchambua picha kwa Numeric hakuweza kumpa kirahisi mwenzake wa numarray. Maktaba kubwa ya SciPy, iliyoanzishwa 2001 na Travis Oliphant, Eric Jones na Pearu Peterson wa Estonia, ilikuwa imejengwa juu ya Numeric. Wanajimu walikuwa wakijenga zao juu ya numarray. Jamii iliyokuwa ndogo tayari ilikuwa inagawanyika nusu kwa nusu, na jamii ndogo ikigawanyika, kwa kawaida nusu zote mbili hufa.

Oliphant alikuwa amefika Python kwa njia ya hospitali: alifanya uzamifu Mayo Clinic, katika picha za kitabibu. Kufikia 2005 alikuwa mhadhiri kijana wa uhandisi wa umeme Brigham Young University, jimbo la Utah. Aliamua kuunganisha maktaba hizo mbili. Alichukua mwili wa Numeric, akaupanga upya, akaingiza yale yaliyofanya numarray ipendwe: aina nyingi zaidi za data, namna pana za kuchagua vipengele, uwezo wa kushika faili kubwa bila kuzimeza zote kwenye kumbukumbu. Toleo la 1.0 la NumPy lilitoka Oktoba 2006.

Hebu tazama gharama. Mhadhiri anayetafuta ajira ya kudumu hupimwa kwa makala za kisayansi na fedha za utafiti anazoleta. Mistari ya msimbo inayotumiwa na maelfu ya watu haina safu yake kwenye fomu ya tathmini. Miezi ambayo Oliphant aliitumia kupatanisha maktaba mbili ilikuwa miezi ambayo hakuandika makala. Ili apate angalau kitu, aliandika mwongozo wa NumPy, akauuza kwa muda kabla ya kuuachilia bure. Mwaka 2007 aliacha ualimu, akajiunga na kampuni ya Enthought iliyoko Austin, Texas. Chuo kilimpoteza mtu ambaye kazi yake ingekuja kuwa chini ya karibu kila somo la data duniani.

Wengine walikuwa wanajenga pembeni, nao pia kwa saa zao. Fernando Pérez, kutoka Colombia, alianza IPython 2001 akiwa mwanafunzi wa uzamifu wa fizikia. Ndiyo mbegu ya Jupyter ambayo leo wanafunzi wa data hufungua kila asubuhi. John Hunter, mtafiti wa ubongo aliyekuwa akishughulika na data za kifafa, alitaka kuchora grafu bila MATLAB, akaandika matplotlib, iliyotoka 2003. Agosti 2012 Hunter alifariki kwa saratani akiwa na miaka 44, akaacha familia changa. Wenzake walichanga pesa kwa ajili ya watoto wake. Mwaka huohuo liliundwa shirika la NumFOCUS kusimamia na kutafutia fedha miradi ya aina hii.

Ruzuku kubwa ya kwanza kwa NumPy yenyewe ilipatikana 2017, zaidi ya dola 600,000 kutoka Gordon and Betty Moore Foundation, kupitia chuo cha Berkeley. Piga hesabu: toleo la 1.0 lilikuwa la 2006. Kwa zaidi ya miaka 10, kifaa kilichotumiwa pia kuchambua mawimbi ya mvutano ya LIGO, yaliyotangazwa Februari 2016, kilitunzwa hasa na watu wa kujitolea, usiku na wikendi.

Na sisi? Wengi wetu tumeingia kwenye trei hii bila kujua jina lake. Juni 2015 Data Science Africa ilifanya mafunzo yake Nyeri, katika Dedan Kimathi University of Technology, na waliohudhuria walijifunza kwa Python. Ukifungua pandas kupanga bei za nyanya za Marikiti, au scikit-learn kutabiri mvua, chini yake kuna NumPy. Kuna Waafrika waliofika mpaka jikoni: Stéfan van der Walt, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, ni mmoja wa waandishi 26 wa makala ya NumPy iliyochapishwa na jarida la Nature mwaka 2020, na ndiye aliyeanzisha scikit-image. Alianza kuchangia akiwa hukuhuku barani.

Sisi Wakenya tunalo neno la kazi ya namna hii, harambee. Na yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harambee anajua kinachotokea siku ya pili. Wageni wa heshima wameenda, picha zimepigwa, na darasa lililojengwa linahitaji mtu wa kuziba paa mvua ikinyesha. Huyo hapigiwi makofi. NumPy ina paa la namna hiyo. Juni 2024 lilitoka toleo la 2.0, mabadiliko makubwa ya kwanza tangu 2006, na sababu ya kukawia inaeleweka: ukisogeza tofali moja chini, maelfu ya programu zilizo juu zinaweza kuanguka. Watunzaji walilazimika kuandika miongozo ya kuhama, kuonya mapema, na kuvumilia malalamiko ya watu wasiowahi kulipa hata shilingi.

Tukisema NumPy ni ya bure, tunamaanisha kwamba bei yake ililipwa na mtu mwingine: mhadhiri aliyeacha chuo, mtafiti aliyeandika grafu baada ya kazi, mwanajimu aliyekubali maktaba yake numarray izikwe ili jamii ibaki moja. Greenfield na wenzake wanastahili kutajwa kwa hilo. Kukubali kwamba kazi yako nzuri ife ndani ya kazi ya mwingine ni mchango ambao hata fomu za ruzuku hazijui kuuhesabu.

Swali la hapa nyumbani linaanzia hapo. Mwanafunzi wa Juja au Maseno akirekebisha kosa ndani ya maktaba inayotumiwa na dunia nzima, idara yake itaiandika wapi? Mhadhiri wake akikaa mwaka mzima akitunza programu ya kuchambua data za malaria, wakati wa kupandishwa cheo ataonyesha nini? Marekani walishindwa kulijibu swali hilo mwaka 2007 na wakalishindwa tena 2019. Vyuo vyetu bado vinaandika vigezo vyao, na kigezo kimoja kipya hakihitaji hata darubini.