Shilamu ya kiko na jinsi ya kuikinga na meno

Na Mwandishi Wetu

SHILAMU ni mrija wa kiko unaoingia kinywani. Katika kiko cha maji cha asili ya Pwani, ambacho tangi lake ni kifuu cha nazi, kitu kisichotafutwa mbali Kibaha wala Kisarawe, tumbaku huwekwa ndani ya bori, moshi hushuka kwa digali hadi majini, kisha huvutwa kwa shilamu. Kiko hicho hushikwa mkononi. Midomo inatosha, meno hayana kazi.

Taabu ni ya kiko kidogo cha Kizungu, ambacho mvutaji hukibana kwa meno huku mikono ikifanya mengine. Shilamu yake aghalabu ni ya eboniti, yaani mpira uliopikwa pamoja na salfa, nayo hubonyea upesi. Akriliki ni ngumu zaidi, lakini hapo huumia meno yenyewe, ambayo kwa miaka hulika na kuacha pengo la mviringo. (Saratani ya kinywa, inayoletwa na moshi wa kila kiko, haina kinga ya namna hii.)

Ncha ya shilamu huvishwa kifuniko laini cha mpira, kinachobadilishwa kikichakaa. Alama zisizo na kina katika eboniti huinuka zenyewe shilamu ikitumbukizwa katika maji ya moto. Akriliki haifanyi hivyo. Jua huigeuza eboniti kuwa ya kijani na kahawia, hivyo isiachwe dirishani. Wala isichomolewe kiko kikiwa bado cha moto, kwani maungio huvunjika.