Bibi Khadija na Mali Kauli

Kila Mfunguo Sita, maulidi yanaposomwa Unguja, Barzanji hufika mahali ambapo kiyamu kimekwisha, watu wameshakaa kitako, marashi yamenyunyizwa na masikio yamelegea kidogo. Hapo ndipo anapoingia Bibi Khadija: mwanamke tajiri, safari ya Shamu, malaika wakimtia kivuli kijana mwaminifu, kisha ndoa. Wasikilizaji wengi huondoka na kile kivuli na ile ndoa. Safari yenyewe huipita tu, na hilo ni jambo la kushangaza katika Mji Mkongwe, maana biashara aliyoifanya bibi huyu inafanana sana na ile iliyojenga nyumba za Shangani.

Tajiri wa Unguja wa karne ya 19 hakwenda Ujiji. Alikaa barazani kwake, akatoa merikani, shanga na nyaya za shaba kwa mtu wa safari, na mtu yule akapotea bara kwa mwaka, au miaka. Akirudi, alirudi na pembe, na mara nyingi na watumwa, hilo halifichiki. Mali ya namna hiyo, iliyotolewa kwa ahadi ya mdomo, watu wa pwani waliiita mali kauli. Taria Topan, ambaye jengo lake la zahanati lililoanzwa mwaka 1887 bado linatazama bahari, alimpa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, mali ya safari zake. Hakuna kadhi ambaye hukumu yake ingefika Manyema. Mwenye mali alichoweza kufanya ni kumtazama mtu kabla hajaondoka: kwao ni wapi, alirudisha nini mara ya mwisho, anawatendeaje walio chini yake.

Makka ya mwishoni mwa karne ya sita ilikuwa mji wa namna hiyo, isipokuwa bahari yake ilikuwa mchanga. Makureshi walipeleka msafara Yemen wakati wa kipupwe na Shamu wakati wa kiangazi. Khadija binti Khuwaylid, wa ukoo wa Asad, alikuwa amefiwa na waume, ana watoto, na ana mali ambayo haendi nayo mwenyewe. Aliwapa wanaume, wakafanya kazi, faida wakagawana. Wanafikihi huiita biashara hiyo mudharaba. Msomaji wa Unguja hahitaji kuelezwa kwamba mwanamke anaweza kumiliki mali bila mume kuigusa: Salme binti Said, baba yake alipofariki mwaka 1856, alirithi fungu lake na kuwa na mashamba yake mwenyewe, na wanawake wengi wa hadhi yake walikuwa hivyo.

Khadija aliposikia sifa za Muhammad bin Abdullah (S.A.W.), mtu wa ukoo wa Hashim asiye na mtaji, alimpa bidhaa za kupeleka Shamu kwa masharti mema kuliko aliyowapa wengine, na akamtuma pamoja naye mtumwa wake, Maysara. Maulidi husema Maysara aliona miujiza njiani. Sina la kuongeza juu ya hayo. Ila mwenye mali anayemtuma mtu wake wa nyumbani pamoja na wakala mpya, anataka ushahidi wa mambo ya kawaida pia: anapimaje, anaapa vipi sokoni, akikasirika huwaje. Maysara aliporudi aliulizwa, akajibu. Faida ilikuwa kubwa, lakini wasimulizi wa sira husema kilichomvuta Khadija ni tabia.

Posa ilitoka kwake. Nafisa binti Munya ndiye aliyepelekwa kumdodosa kijana kwa nini haoi, na aliposema hana cha kuolea, akatajiwa jina. Abu Talib, ami yake kijana, akasimama upande wa bwana harusi, na Amr bin Asad, ami yake Khadija, upande wa bibi harusi. Bwana harusi alikuwa na miaka 25. Bibi, kwa riwaya iliyoenea, 40, ingawa Ibn Sa'd ameipokea pia riwaya ya 28. Waliishi pamoja karibu robo karne, na katika muda huo wote Mtume hakuoa mke mwengine. Walizaa Qasim, Abdullah, Zainab, Ruqayya, Umm Kulthum na Fatima. Wavulana walikufa wadogo.

Kisha ukaja usiku wa mwaka 610. Mume anashuka kutoka pango la Hira anatetemeka, anataka afunikwe, anaiogopea nafsi yake. Khadija hutajwa mara nyingi kama mfano wa mke anayemliwaza mumewe, na ni kweli alimliwaza. Lakini yatazameni aliyoyasema. Hakuanza na ndoto wala nyota. Alimhesabia mumewe matendo: unaunga udugu, unambebea mzigo asiyejiweza, unamsaidia fukara, unamkirimu mgeni, unasimama na waliopatwa na masaibu, Mungu hawezi kumfedhehesha mtu kama wewe. Huo ni ushahidi wa mtu aliyekwisha kumpima mtu. Khadija hakuliona pango. Alikuwa na daftari la miaka 15, na humo hamkuwa na deni.

Wala hakutosheka na moyo wake. Alimpeleka kwa binamu yake Waraqa bin Nawfal, mzee kipofu aliyesoma vitabu vya Wakristo, ili asikie neno la mjuzi. Ibn Ishaq anayo habari nyingine, isiyosomwa sana kwenye majlisi: kwamba Khadija alimwomba mumewe amwambie yule mgeni wa pangoni akija, akamkalisha karibu naye, kisha akavua shela lake. Mgeni akatoweka. Akasema huyu ni malaika, shetani asingestahi. Mkitaka iaminini riwaya hiyo, mkitaka iacheni, inafanana naye.

Miaka ya kwanza waumini walikuwa wachache kiasi kwamba mfanyabiashara mmoja kutoka Kinda, Afif, aliyekuja Makka kwa Abbas, ami yake Mtume, aliwaona wote kwa mtazamo mmoja: mwanamume anasali, mwanamke nyuma yake, na mvulana. Mwanamke alikuwa Khadija, mvulana Ali. Afif alisilimu baadaye sana, akasema laiti angekuwa wa nne wao.

Mali ya Shamu iliishia pabaya, au pazuri, kwa namna utakavyoitazama. Makureshi walipowasusia Bani Hashim, hakuna kuwauzia wala kuozana nao, kwa miaka ipatayo mitatu, Khadija aliingia nao katika bonde walimojikusanya. Mpwa wake Hakim bin Hizam alikamatwa na Abu Jahl akimpelekea shangazi yake ngano. Mwanamke aliyekuwa akitoa shehena za misafara sasa anapelekewa ngano kwa kificho. Susio lilipovunjwa hakukaa muda mrefu. Alifariki mwaka 619, akazikwa Hajun, na Mtume akashuka kaburini mwake kwa miguu yake.

Miaka mitano baadaye, vita vya Badr vilipokwisha, mateka mmojawapo alikuwa Abu al-As, mume wa Zainab, na mwana wa Hala, dada yake Khadija. Zainab alituma fidia kutoka Makka, na ndani yake mkufu aliopewa na mama yake siku ya arusi. Mtume alipouona alishikwa na huruma kubwa. Akawaomba masahaba, wakakubali kuurudisha pamoja na mateka, kwa ahadi kwamba Zainab ataruhusiwa kuja Madina.

Abu al-As alitimiza. Alikuwa mfanyabiashara, na Khadija mwenyewe ndiye aliyemchagulia binti yake. Miaka kadhaa mbele msafara wake ulitekwa akitoka Shamu na mali za watu. Akakimbilia ulinzi wa Zainab, akarudishiwa kila kitu. Watu wakamshauri asilimu, abaki na mali. Akakataa kuanza Uislamu wake kwa kuvunja amana. Alirudi Makka, akamkabidhi kila mtu chake, akauliza kama yupo anayemdai. Wakasema hayupo. Ndipo akatoa shahada mbele yao, akapanda ngamia kwenda Madina.