Nauli ya Kwenda Paris

Wako wanaosema kumlipia msanii aende ng'ambo ni anasa. Mchongaji Augusta Savage, Mmarekani Mweusi mzaliwa wa Florida, asingekubali. Mwaka 1923 aliomba masomo ya kiangazi huko Fontainebleau, Ufaransa. Kamati ya Wamarekani wenzake ikamkatalia. Sababu? Rangi yake. Akalipeleka jambo hilo magazetini, zikazuka kelele, lakini kamati haikurudi nyuma.

Mwaka 1929 sanamu yake "Gamin", kichwa cha mvulana wa mtaani, ilimpatia ufadhili wa Mfuko wa Julius Rosenwald, tajiri wa maduka. Ndipo akaiona Paris. Aliporejea New York alifungua karakana Harlem mwaka 1932, akafundisha vijana. Ni yeye aliyemhangaikia Jacob Lawrence, wakati huo kijana tu, apate kazi ya kuchora kwenye mradi wa serikali. Kwa hesabu yangu, nauli ile ilirudi.

Mwaka 1939 sanamu yake "The Harp", yaani kinubi, ilisimama kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York: plasta tupu, karibu mita 5 kwenda juu. Maonyesho yalipokwisha hakuwa na fedha za kuigeuza shaba, wala za kuihifadhi. Ikavunjwa.