Asili ya Njiwa wa Kufugwa

Njiwa wafugwao majumbani huitwa kwa Kiswahili njiwa manga, na Manga ni jina la zamani la nchi ya Waarabu, hasa pande za Maskati. Kwa jina hilo watu wa pwani walitia alama ya kwamba ndege huyu alitoka ng'ambo. Lakini asili yake ni ya mbali zaidi. Je, njiwa wa namna zote wana babu mmoja, au kila namna ina babu yake? Swali hilo liliwashughulisha sana wafugaji wa Uingereza katika karne ya 19.

Huko palikuwa na vyama vya watu waliofuga njiwa kwa mapenzi tu. Walikuwa nao wenye mkia uliotanda kama upepeo, wenye kuvimbisha koo kama kiriba, na wenye kupinduka-pinduka wakiruka angani. Wengi wao waliamini ya kuwa kila namna ilitoka kwa njiwa wake wa mwituni. Mwaka 1855 mtaalamu wa viumbe, Charles Darwin, alianza kufuga njiwa nyumbani kwake Down, katika jimbo la Kent, akajiunga na vyama viwili vya wafugaji mjini London ili ajifunze kwao.

Alilojifunza ni hili. Mfugaji huwatazama makinda, akamweka yule aliyezidi wenzake kidogo katika jambo alipendalo, akamwoza kwa mwenziwe wa namna ile ile. Mzazi hurithisha, mfugaji huchagua, na hitilafu ndogo zikirundikana vizazi vingi huwa kubwa. Sir John Sebright, mfugaji mashuhuri, alikuwa akisema kwamba aweza kupata unyoya wowote autakao kwa miaka 3, ila kichwa na mdomo vyahitaji miaka 6.

Kisha Darwin akafanya jaribio. Alichanganya njiwa weusi wenye mdomo mfupi na weupe wenye mkia wa upepeo. Tena akachanganya weusi wale na weupe wenye mkia mwekundu. Watoto wa pande mbili hizo alipowaoza wao kwa wao, alizaliwa mjukuu wa rangi ya buluu, mwenye kiuno cheupe na mistari miwili myeusi katika kila bawa. Hayo ndiyo mavazi ya njiwa wa majabali aishiye mwituni. Darwin akaona kwamba huyo ndiye babu wa wote, akaieleza rai hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1859.

Lakini jinsi sura ya babu ilivyoweza kujificha kwa watoto na kutokea kwa wajukuu, Darwin hakuijua. Mwaka 1866 Gregor Mendel, mtawa wa Brno, alitangaza kanuni za urithi alizozipata kwa kupanda njegere, lakini watu hawakuzijali mpaka mwaka 1900. Mwaka 2013 Michael Shapiro wa Marekani na wenzake walionyesha ya kuwa shungi la kichwani mwa njiwa latokana na badiliko moja la urithi, na sharti kinda alipate kwa baba na kwa mama pia. Akilipata kwa mmoja tu, hana shungi, lakini aweza kuwarithisha watoto wake.

Tena mwaka 2018 wataalamu walionyesha kwamba mabaka ya mabawani mwa njiwa wengi wa kufugwa yalitoka kwa njiwa mwingine, yule wa Afrika mwenye madoa meupe mabawani na ngozi nyekundu kuzunguka macho. Basi ukoo ni wa njiwa wa majabali, ila Afrika nayo ina fungu lake katika damu hiyo.

Wala uchaguzi huo hauna faida tupu. Darwin aliandika ya kuwa katika namna moja ya wale wapindukao, makinda walichaguliwa mdomo mfupi hata wengi wakafia yaini, na wafugaji ikawabidi kuwasaidia kutoka. Mwenye kufuga hulipata analolitafuta, na asilolitafuta hulipata pamoja nalo.