Sanduku la Picha na Betri ya Lori

Ukiingia leo katika duka la vyombo vya umeme mjini Meru au Embu, utaona televisheni bapa zimetundikwa ukutani, na chini yake vipaza sauti, ving'amuzi, nyaya za namna nyingi, na kompyuta ndogo zisizozidi ukubwa wa kitabu. Kompyuta hizo watu huziunganisha na televisheni, wapate kutazama filamu sebuleni kana kwamba wameketi katika nyumba ya sinema. Mnunuzi akifika, neno lake la kwanza ni kuuliza upana wa kioo. Babu zako hawakuanza hapo, nao walikuwa na sababu. Nataka nikusimulie habari zao, kwa kuwa historia si ya wafalme na vita peke yake, na mambo haya yalitendeka katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, mahali unapopapita kila siku.

Televisheni ilianza kuonyeshwa Kenya mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Kwa muda mrefu ilikuwa chombo cha watu wa Nairobi na miji mikubwa. Mawimbi yake husafiri kwa mstari ulionyoka, na yakikutana na mlima hayazunguki. Hukoma hapo, na upande wa pili hubaki kivuli. Nchi yetu ni ya migongo na mabonde tangu Runyenjes hata Nkubu. Mtu aliyejenga mgongoni aliweza kupata picha, na jirani yake wa bondeni asipate ila chembechembe kama mvua, hata akiinua antena juu ya mti mrefu. Basi jambo la kwanza walilojifunza wazee ni kwamba uzuri wa sanduku si kitu kama mahali penyewe hapapokei.

La pili lilikuwa zito zaidi, nalo ni umeme. Hapa tazama ajabu moja. Mwaka 1968 bwawa la Kindaruma lilianza kufua umeme katika mto Tana, pembeni kabisa mwa nchi ya Mbeere. Likafuatwa na Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981, na Kiambere mwaka 1988. Sehemu ya maji yaliyozungusha mitambo hiyo ilishuka kutoka mlima wetu. Lakini nyaya zilipita juu ya vichwa vya watu zikielekea Nairobi, na mkulima wa Siakago aliyeziona mchana alirudi jioni akawasha koroboi. Sisemi haya kwa kulalamika. Kujenga nyaya za kufikia nyumba zilizotawanyika milimani ni gharama kubwa, na hesabu hiyo haikuwa rahisi kwa serikali yoyote. Hata hivyo, ndiyo sababu ya yote yaliyofuata.

Wenye fedha kidogo za kahawa au majani ya chai walitafuta njia yao wenyewe. Walinunua televisheni ndogo isiyo na rangi, ya inchi 14, iliyotengenezwa ili itumie volti 12, ambazo ndizo volti za betri ya gari. Betri ikiisha, kijana wa nyumba aliifunga nyuma ya baiskeli akaipeleka sokoni penye umeme, akaiacha siku nzima ijazwe, kisha akairudisha akijihadhari tindikali isimwagike ikatoboa suruali. Betri ya lori ni mzigo, tena njia zetu ni za kupanda. Hapana shaka wengi waliosifiwa kijijini kwa kuwa na televisheni walisifiwa kwa mgongo wa mtoto wao.

Ndipo ikaja habari ya Karamugi. Mwaka 1984, katika shule ya harambee ya Karamugi, wilaya ya Meru ya siku zile, alikuwapo mwalimu wa kujitolea kutoka Marekani aitwaye Mark Hankins. Shule ilifikiria kununua jenereta ili wanafunzi wapate taa za kusomea. Hankins alikutana na Mmarekani mwenziwe, mhandisi Harold Burris, aliyekuwa akiuza vyombo vya umeme wa jua, na wawili hao wakawashawishi wakuu wa shule waache jenereta, waweke paneli za sola juu ya paa. Mafundi wa hapo hapo walifunzwa kazi hiyo, na shule nyingine za wilaya zikafuata. Taa zilipowaka bila moshi na bila mafuta, walimu na wakulima wa jirani walikuja kutazama, wakarudi kwao wakihesabu fedha.

Lakini walihesabu kwa ajili ya nini? Wataalamu walidhani watu watanunua sola kwa sababu ya taa. Taa zilipendwa kweli. Lakini katika nyumba nyingi kilichomfanya baba afungue mkoba ni ile televisheni iliyokuwa ikichoka pamoja na betri yake.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 zikaingia paneli ndogo za bei nafuu, za wati 12 hivi. Zilikuja wakati wake, kwa maana mwaka 1989 mapatano ya mataifa yaliyolinda bei ya kahawa yalivunjika, na mapato ya wakulima yakaanguka. Mtu sasa aliweza kununua vitu kimoja kimoja: mwaka huu paneli, mwaka ujao betri, baadaye taa. Wengi waliacha kile chombo kidogo kinachozuia betri isijazwe kupita kiasi wala kukaushwa kabisa, wakiona ni anasa, na betri zao zikafa mapema. Huo ndio uchumi ambao mama zetu huuita kuokota kwa mkono mmoja na kumwaga kwa mwingine.

Chukua kalamu tufanye hesabu waliyoifanya. Paneli ya wati 12 ikipata jua zuri kwa saa 5 hutoa wati-saa 60. Kadiri ya robo hupotea katika betri na nyaya, zikabaki 45. Televisheni ile ilitumia wati 15, basi iliweza kuwaka saa 3, na hapo hakuna kilichobaki kwa ajili ya taa. Ukitaka taa ya wati 8 kwa saa 3 za kusoma, umekwisha kula 24, na televisheni imebakiwa na saa moja na dakika ishirini na kitu. Na hiyo ni siku ya jua. Mwezi Julai, ukungu unapolala juu ya Embu tangu asubuhi hata jioni, hesabu hiyo hukatwa vipande.

Kwa hiyo kila jioni palikuwa na baraza lisilotangazwa. Baba alitaka taarifa ya habari, watoto wakubwa walitaka mchezo uliofuata, mwanafunzi alitaka taa, na mama alikuwa jikoni, katika nyumba ya pembeni, ambako mara nyingi waya haukufika kabisa. Watafiti waliokuja baadaye kuchunguza nyumba hizi waliona ya kuwa sehemu kubwa ya umeme ilikwenda kwenye televisheni na redio, na taa za kusomea na za jikoni zilipata masazo. Mimi nayajua hayo pasipo utafiti. Usiku mmoja wa kuamkia mtihani, nyumba nzima ilitazama mpira hata dakika ya mwisho. Betri ikazimika, nami nikamaliza jiografia kwa koroboi, pua imejaa masizi. Sikumchukia mtu, maana nami nilikuwa nimeutazama mpira ule.

Palikuwa na hatari nyingine, ya kudanganywa. Watafiti walizipima paneli ndogo zilizouzwa nchini, wakaona ya kuwa baadhi yake zilitoa umeme pungufu kuliko wati zilizoandikwa nyuma. Mkulima hakuwa na chombo cha kupimia. Alikuwa na maandishi na neno la mwenye duka. Alipoona televisheni inazimika mapema alidhani kosa ni la mawingu.

Tangu mwaka 2015 mengi yamegeuka. Mwaka huo matangazo ya zamani yalizimwa, na televisheni za kale zikahitaji king'amuzi ili zione. Mwaka huo huo serikali ilianza mpango wa kufikisha umeme nyumba za mwisho za vijijini, na nyaya zikaingia katika mitaa iliyokuwa ikizitazama tu zikipita. Na sasa wewe, au kaka yako, mwataka kompyuta ya sebuleni.

Nanyi yafaa mwanze nyuma ya sanduku. Kompyuta kuukuu ya mezani huweza kula wati mia, na feni yake huvuma hata ikafunika maneno ya filamu. Iliyo ndogo hutosheka na wati zisizofika 15, na ile iitwayo Raspberry Pi, iliyotolewa Uingereza mwaka 2012, hutumia chache tu. Kwa aliye na sola, tofauti hiyo ni usiku mzima. Kwa aliye na umeme wa nyaya, ambao kijijini hupanda na kushuka, chombo cha kuutuliza chastahili kununuliwa kabla ya vipaza sauti. Na kwa kuwa intaneti hulipiwa kwa kipimo, diski kubwa ya kuhifadhia filamu yaweza kuwa na faida kuliko kioo kipana. Kipo kibandiko kidogo nyuma ya kila chombo, kimeandikwa volti na wati. Mwombe mwenye duka akigeuze ukisome, kisha mwombe akiwashe mbele yako, kakae nacho nusu saa.