Makueni Ilijengwa na Wakuja, Tuache Kuwaringia Wazee

Ukiingia YouTube utapata video kibao za Wamarekani wastaafu waliohamia Mexico, hasa kule Ajijic, kando ya Ziwa Chapala. Pensheni inayowabana kwao, kule inawatosha. Lakini hata pesa ikitosha, kuna kitu hainunui: majirani kukuona wewe ni mwenzao.

Sisi tuna toleo letu la hiyo stori. Mzee amepiga kazi Nairobi ama Mombasa miaka 30 na kitu, anastaafu, anarudi Kitui ama Makueni, na kijiji kinamwangalia kama mtalii. Akisimama kwa baraza ya chifu, mtu ananong'ona, "Huyu si amekuja juzi?" Na kama alinunua ploti Emali ama Kibwezi na hakuzaliwa hapo, hiyo ndiyo mbaya zaidi. Ni mkuja mpaka siku ya kuzikwa.

Sasa wasee, mkuja Ukambani ni nani haswa?

Tuanze mbali. Karne ya 17, Wakamba wengi walikuwa wamekita kwenye milima ya Mbooni. Karne iliyofuata, watu wakaanza kuvuka Mto Athi kuelekea Kitui kutafuta shamba na malisho. Huko ni kukavu zaidi, kwa hivyo mbali na kulima wakashika sana uwindaji na biashara ya pembe za ndovu. Mmishonari Krapf alipofika Kitui mwaka wa 1849, aliyempokea alikuwa Kivoi, mfanyabiashara aliyekuwa akipeleka misafara mpaka pwani. Na kabla ya hapo Krapf alikuwa ameshakutana na Wakamba waliohamia karibu na Rabai, nje ya Mombasa. Watu hawa hawakuwahi kukaa mahali pamoja.

Lakini stori inayonibamba zaidi ni ya Makueni yenyewe.

Miaka ya 1930, vilima vya Machakos vilikuwa vimechoka. Wazungu walikuwa wamechukua ardhi nzuri pembeni, watu na ng'ombe wakabanana, udongo ukawa unasombwa na mvua. Dawa ya serikali ilikuwa kuwanyang'anya watu mifugo kwa bei ya kutupa. Mwaka wa 1938, Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya Wakamba mpaka Nairobi kudai kuonana na Gavana, wakapiga kambi kwa wiki kadhaa. Yeye alikamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu, lakini serikali ikarudi nyuma.

Baadaye ikaja na mpango mwingine: kuhamisha familia kwenda Makueni. Wakati huo sehemu kubwa ya huko ilikuwa msitu wa miiba, mbung'o na vifaru. Mwindaji J. A. Hunter aliajiriwa kuvimaliza vifaru, na kati ya 1944 na 1946 aliua karibu 1,000. Soma hiyo namba tena. Leo tunalinda kifaru mmoja mmoja kwa bunduki, na hapo walifyekwa karibu elfu ili watu wapate mahali pa kulima.

Na bado watu waligoma kwenda. Ungelaumu nani? Serikali iliyokuja kwa ng'ombe wako juzi, leo inakupa shamba la bure? Wengi waliona ni mtego wa kuwatoa kwenye vilima vyao. Tena waliokubali walikuta masharti: mifugo kwa kipimo, shamba lichimbwe matuta.

Polepole wakajaa. Na walijuana vipi, watu waliotoka vilima tofauti? Walikuwa na mwethya. Leo tunachimba kwako, kesho kwangu, mwenye shamba anapika. Kazi hizo ndizo zilizofyeka vichaka na kuchimba matuta ya fanya juu unayoyaona ukipita na mat kuelekea Wote. Hakukuwa na mwenyeji wa zamani pale wa kukuuliza babu yako alizikwa wapi. Ulijulikana kwa jembe lako.

Kwa hivyo kijana wa Makueni anapomwita mzee mkuja, mara nyingi anasahau babu yake mwenyewe alishuka na mizigo miaka ya 1940 ama 1950. Familia nyingi huko hazijamaliza hata miaka 100.

Lakini wazee nao wasijifiche hapo. Kuna wale wanaorudi, wanajenga ukuta mrefu na geti nyeusi, wanatuma pesa ya harambee kwa M-Pesa na hawaonekani mpaka matanga. Hao hawajahamia, wamehamisha nyumba tu. Pesa haijakataliwa, lakini ukisikia watu wanachimba bwawa la mchanga kwa mto, shuka. Hata kama mgongo unauma, keti hapo chini ya mti uhesabu magunia ya simiti. Watu watakuona.

Na sisi vijana, huyo mzee amekaa mjini miaka mingi. Anajua ofisi gani inazungusha watu, fomu gani inajazwa wapi, na jinsi ya kuongea na karani bila kutoa kitu kidogo. Kijiji kinamhitaji kuliko kinavyokubali. Mwethya ikiitishwa, mpitie kwa geti, mwambie saa na mahali. Usingoje aombe kualikwa.